Sahani Iliyonukia Waridi

Halua ilikuwa inapitishwa katika khitma ya Daktari pale mjane wake, Bi Asya, aliponiinamia sikioni akaniuliza kama mimi ndiye yule msichana wa sahani ya njano. Nikamjibu kwamba msichana alikwenda zake zamani, lakini sahani ni yangu. Akacheka, kisha akakumbuka yuko msibani akajiziba mdomo kwa mtandio. Marehemu mumewe, alisema, hakuwa akimaliza karamu bila ya kukihadithia kisa hicho: umeme ulivyokatika, mtu alivyoingia, sahani ilivyonukia waridi na kazi ya mwaka ilivyokwenda na maji. Hapo watu hucheka, naye huomba chai nyingine. Nikamwuliza kama aliwahi kuwasimulia yaliyofuata. Akanikazia macho, akauliza yepi. Basi nikajua kwamba Daktari, Mungu amrehemu, alikuwa akikikata mkia kisa chetu miaka yote hiyo, na sababu yake nikaijua pia: mkia wenyewe ulikuwa ukimsifu, naye alikuwa mtu wa kuona haya. Mimi haya hizo sina. Tangu siku ya khitma mwaka ule unanijia kwa vipande, mchana ninapojinyoosha baada ya kula, na unakuja na harufu zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Makunduchi na cheti changu cha maabara na ulimi ambao watu wa mjini waliucheka kabla sijamaliza sentensi. Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe, si mbali na soko la Darajani, katika chumba ambacho zamani lazima kilikuwa cha kulalia bibi fulani, maana kilikuwa na vidaka ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri na madirisha yenye vioo vya rangi. Katika vidaka sisi tuliweka chupa. Alasiri jua likipita kwenye vioo, doa jekundu na doa la kijani yalitembea polepole juu ya meza ya kazi, yakapanda mikononi mwetu, yakashuka, yakatoka. Chumba kizima kilinuka mafuta ya majani ya mkarafuu tuliyoletewa kutoka Kizimbani. Yalituingia nguoni, yakatuingia kwenye mkate. Hata leo nikipita shambani wakati wa kukamua mafuta hayo, mguu hunisimama wenyewe na sijui nimesimamia nini mpaka nikumbuke.

Daktari alikuwa akitafuta jambo moja tu, na alilitafuta kwa subira iliyoniudhi. Watu wetu tangu zamani wamewafukiza na kuwachua kwa karafuu wanaoanguka kifafa. Yeye alitaka kujua kama mafuta yale hubadilisha chochote ndani ya ubongo. Ubongo, alinieleza siku ya kwanza huku akipuliza chai yake ya tangawizi, una vitu vidogo vya protini vinavyoitwa vipokezi. Baadhi ya vipokezi hivyo kazi yake ni kupokea neno moja: tulia. Alidhani kwamba kwa mwenye kifafa neno linatumwa, lakini wa kulipokea ni wachache. Basi tukawalisha panya weupe mafuta kidogo kidogo, na panya wengine tusiwalishe, na mwisho wa yote tukachukua bongo zao, tukazisaga juu ya barafu, tukazihifadhi kwenye friza ili tuhesabu vipokezi. Sikupenda kazi ya panya na sitojidai kwamba niliizoea. Niliipenda ile iliyofuata, kazi ya sahani.

Vya kupimia vilikuja kwa ndege ndani ya sanduku lililojaa vipande vya barafu. Kwa lugha yao sanduku hilo na vyote vilivyomo lina jina moja fupi linalokatika mwishoni, lakini ulimi wa Mswahili haupendi neno liishie hewani, kwa hivyo sisi tulisema kiti. Kiti kimefika. Kiti kimebaki kimoja. Usikiache kiti juani. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo ndogo, na sahani ya plastiki isiyo kubwa kuliko kiganja, yenye vishimo vingi vilivyopangwa kwa safu. Kila kishimo kilikuwa kimepakwa kingamwili, na kazi ya kingamwili hiyo ni kukinasa kipokezi tulichokitaka na kuviacha vingine vyote vipite. Unatia tone la ubongo, unangoja, unaosha. Unatia kingamwili ya pili, unangoja, unaosha tena, unaikung'uta sahani kifudifudi juu ya kitambaa. Mwisho unatia maji ambayo hugeuka buluu palipo na kipokezi, kisha tone la tindikali, na buluu inageuka njano. Njano ikikolea, vipokezi ni vingi. Ikififia, ni vichache. Halafu unaiweka kwenye mashine inayosoma rangi, na unaisoma upesi, maana rangi haingoji mtu. Mara ya kwanza nilipoiona njano ile ikitokea, safu kwa safu, kimya kimya, nilisahau kuvuta pumzi.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kungoja. Tuliita kuilaza sahani. Sahani imelala, tulisema, na tukashusha sauti zetu kama kuna mtoto. Daktari alisinzia kitini, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya stuli, na mimi nilikaa dirishani nikasikiliza uchochoro. Chini watoto wa chuoni walikuwa wakisoma Kurani kwa pamoja, na ng'ambo wanawake wawili ambao sura zao sikuziona hata siku moja walizungumza dirisha kwa dirisha. Kwa mwaka mzima nilifuata habari za binamu yao aliyekuwa akijenga nyumba Fuoni, na fundi aliyemkimbia, na paa lililovuja. Sijui nyumba ile iliisha. Nimekwisha kufanya kazi katika maabara zenye viyoyozi na mashine zinazoosha sahani zenyewe, na hakuna hata moja niliyoiota usingizini. Naiota ile.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mize, Kiponda, ghorofani, chumba chembamba chenye kitanda cha samadari na dirisha linalotazama paa la bati la jirani. Chakula kilikuwa ndani ya kodi. Bi Mize alipika kama mtu anayegombana na chungu, kwa kelele na vifuniko, na kilichotoka kilikuwa kitamu kupita kiasi: mchuzi wa pweza wa nazi, ndizi mbichi, maharage ya nazi, na Ijumaa biriani ambayo harufu yake ilinikuta uchochoroni. Mchana alikuja mwenyewe maabara na sinia la chakula kichwani, limefunikwa kawa, na kwa kuwa Daktari wakati huo alikuwa bado hajaoa, alimletea na yeye. Alipanda ngazi zile akihema, akaweka sinia kwenye meza ya pembeni, akaitazama kazi yetu kwa heshima kubwa, akaondoka bila kugusa kitu.

Na alikuwapo Nuru, binti yake wa pekee, mdogo kwangu kwa miaka michache. Nuru alikuwa mpakaji hina. Maharusi walimtaka yeye kwanza kabla ya mwengine, kwa sababu mkono wake ulikuwa haubabaiki, na alikuwa na mzaha wa kumfanya bibi harusi acheke huku miguu yake haitikisiki. Alinipenda bila sababu, nami nikampenda, na nalisema wazi kwa kuwa miaka ile sikumwambia. Tulilala chumba kimoja usiku wa joto, tukazungumza mpaka mmoja wetu ajibu kwa mguno. Alikuwa akianguka kifafa tangu utotoni. Vidonge vya hospitali alivimeza kila siku, na juu yake mama yake alimpa kombe, na juu ya kombe alimfukiza. Bi Mize alisema vidonge ni vya mwili na kombe ni la roho, na mtu ana vyote viwili. Nuru ndiye aliyenifundisha la kufanya. Ukinikuta chini, alisema, usinibane mikono, na kijiko usinitie mdomoni, mama kishanivunjia jino. Akafunua mdomo akanionesha pengo, akacheka.

Nilipomweleza habari za vipokezi na lile neno la kutulia lisilopata wa kulipokea, alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Kumbe kichwani mwangu wageni wanapiga hodi," akasema, "na hapana mtu wa kuwambia karibu." Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Mwaka huo huo ikaja posa. Nuru alikuwa amekwenda Mkokotoni kumpaka hina bibi harusi mmoja, na kaka wa bibi harusi, Machano, fundi wa mashine za boti, akapita uani na mikono yake ya girisi akamwona. Watu wake wakauliza, Bi Mize akajibu kwa furaha, na habari zikaanza kwenda na kurudi. Ila habari moja haikwenda. Kuta za nyumba za mjini ni nene, lakini milango haikazi, na kwa wiki kadhaa nilisikia maneno yale yale kutoka jikoni. Nuru alitaka wambiwe. Alisema mficha uchi hazai. Mama yake akamjibu, "Na mwenye kuuonesha je, huolewa?" Bi Mize alikuwa mjane, hana mtoto mwengine, na aliogopa afe amwache mwanawe peke yake ndani ya nyumba yenye ngazi. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya kelele zote za vifuniko. Nuru alikubali kunyamaza, lakini aliacha kufanya mzaha, na nyumba ikawa nzito.

Sasa lazima nieleze maneno mawili, maana kisa chote kimo humo. Kombe, kwa asiyelijua, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Rangi yake ni njano. Sahani huoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na maji hayo huyanywa mgonjwa. Na kiti, hapa kwetu Unguja, si cha kukalia tu. Mtu anayepandwa na pepo naye huitwa kiti, na pepo akimpanda husema kwa kinywa chake na kutoa masharti yake. Mimi haya nilikuwa nikiyajua tangu mtoto. Haikunijia hata mara moja kwamba Bi Mize, akisikia maneno yetu ya kazini mezani pake, alikuwa akisikia kitu kingine kabisa.

"Hicho kiti chenu kishakuja?" aliniuliza usiku mmoja akinipakulia.

"Kishakuja, Bi Mize. Kimekuja na ndege."

"Cha wapi?"

"Cha Ulaya."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na Daktari anakiweza?"

"Anakiweza. Ila kina masharti. Hakitaki joto kabisa, lazima kiwekwe kwenye baridi."

"Vyote vina masharti," akasema Bi Mize, na akaniongezea nyama. Siku nyengine akaniuliza sahani tunaziosha kwa maji gani. Nikamwambia maji ya chumvi, maana ndivyo yalivyo, yana chumvi zake maalumu. Akaguna. Maji ya chumvi hayafai, alisema, ndiyo maana hampati jibu. Nilidhani ananizungumzia habari za vyombo vya jikoni, nikaendelea kula.

Ikafika siku ya kiti cha mwisho. Viti vya mwanzo tulivitumia kujifunza na kukosea. Bongo za panya nazo zilikuwa zinakwisha. Tulichokuwa nacho kwenye friza kilitosha sahani moja, na jibu la Daktari lilikuwa katika sahani hiyo. Tangu asubuhi hatukuzungumza isipokuwa la lazima. Sahani ikalala, ikaamka, ikaoshwa, ikalala tena. Madoa ya vioo yalikuwa yanaanza kupanda mezani nilipotia maji ya rangi, na buluu ikaja, nzito hapa, hafifu pale, na kwa jicho tu ilionekana kama safu za panya waliokula mafuta zimekolea zaidi. Daktari aliweka mkono wake begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikatia tindikali. Njano ikatokea. Nikageuka kuiweka kwenye mashine, na umeme ukakatika.

Mtu wa Unguja haulaani umeme, kwa sababu hausikii. Tulikuwa na jenereta uani, kongwe, inayotaka watu wawili, mmoja akiiegemea na mwengine akivuta kamba. Tukashuka, Daktari akiuburura mguu wake ngazi kwa ngazi. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa, na kelele zake zikatuziba masikio, kwa hivyo hatukumsikia Bi Mize akipanda kwa mlango wa mbele. Tuliporudi juu, taa ya mashine inawaka, sinia la chakula liko mezani na kawa juu yake, na sahani iko pale pale nilipoiacha. Vishimo vyote vilikuwa vitupu. Vilikuwa vinang'aa majimaji. Daktari akaichukua, akaipeleka dirishani, akaishusha puani.

"Waridi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Maneno yote yakanirudia kwa pamoja, kiti na masharti yake na maji ya chumvi yasiyofaa, na njano ile peke yake mezani ndani ya chumba kitupu. Nikakumbuka pia ni siku gani: watu wa Machano walikuwa wanakuja alasiri ile kumwona Nuru, na asubuhi Bi Mize alisema atapitia dukani kununua marashi ya kuwapokelea. Nikamwambia Daktari kwamba Bi Mize kadhani ni kombe. Kalichukua, kaenda kumnywesha Nuru. Alinitazama, na niliona wazi wakati ule akiuacha mwaka wake wote uanguke. Akaiweka sahani chini bila kuitazama tena.

"Mna tindikali mle," akasema. "Mie mguu huu haunifikishi. Kimbia."

Nilikimbia. Lakini mjini hukimbii hivi hivi, maana kila baraza lina wazee, na kupita bila salamu ni kuwatukana. Nilikimbia nikitoa shikamoo kulia na kushoto, na mzee mmoja akaniitikia marahaba, akataka kujua mbio hizo za nini na mimi mtoto wa kike. Tindikali yenyewe ilikuwa kidogo, na marashi yameizimua. Pengine ingemuunguza koo tu, pengine isingemfanya kitu. Mpaka leo sijui, na wala Daktari hakujua. Wakati ule nilichokiona mbele yangu ni Nuru na pengo lake la jino.

Chini ya ngazi palikuwa na viatu vya wageni, jozi tatu, vimepangwa. Juu panafuka udi. Sikupiga hodi. Sebuleni walikuwa wamekaa juu ya mkeka, na katikati mama yake Machano, Bi Kazija, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa, na wenziwe wawili pembeni. Wageni wana sharbati zao. Nuru amekaa karibu na mama yake, amejitanda vizuri, na gilasi yake ni ndogo, na kilichomo ndani ni njano, na iko mkononi. Nikamwambia asinywe, imeingia nzi. Ndivyo nilivyosema. Nilitaka kumwokoa na kuisitiri siri yake kwa pamoja, na nzi ndiye wa kwanza aliyenijia.

Bi Mize akainama akaitazama gilasi. "Hamna nzi, mwanangu," akasema kwa upole. "Kunywa."

Nuru akaipandisha. Nikasema, "Nuru, usinywe. Si kombe hilo. Lina tindikali."

Bi Kazija akaweka sharbati yake chini. Akauliza, wala hakupaza sauti, "Kombe la nini?" Bi Mize akafungua mdomo, na nadhani uongo ulikuwa uko tayari, la jicho au la homa, lakini Nuru alimgusa mama yake gotini. Akaiweka gilasi juu ya mkeka, mbali naye.

"La kifafa, mama," akamwambia Bi Kazija. "Nnaanguka tangu mdogo."

"Na Machano anajua?"

"Hajui."

"Haya," akasema Bi Kazija. Kwetu neno hilo hubeba kila kitu na halifungui chochote. Akasimama, akavaa buibui lake, na wenziwe wakasimama. Mlangoni Bi Mize alijaribu kusema chakula kiko tayari, biriani imeshaiva. Bi Kazija akamshukuru, akasema wakati mwengine, inshallah, na tukasikia viatu vyao vikishuka.

Bi Mize hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliendelea kunipikia, na chakula changu nikakikuta kimefunikwa, na yeye hayupo. Siku ya pili yake alikwenda kwa Daktari, akiwa amejitanda kama mtu anayekwenda mahakamani, na nilikuwapo. Alisema alidhani ni dawa ya mwanawe, imeshatengenezwa, na sisi tumesahau kumwita. Daktari alimkaribisha kiti, cha kukalia, akamtilia chai kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia kazi ilikuwa ya mwaka. Alimwuliza marashi aliyotumia ni ya duka gani, maana yalikuwa mazuri, na Bi Mize akamtajia duka huku machozi yanamtoka. Kiti chengine kilipatikana baadaye, na panya wengine, na jibu lilipokuja lilikuwa dogo: mafuta hayakuongeza vipokezi. Ile buluu niliyoiona imekolea ilikuwa hamu yetu tu. Aliliandika jibu hilo bila kulipamba, na nadhani hapo ndipo nilipomheshimu kikweli.

Lakini hayo ni ya mbele. Siku zilizofuata ujio wa wageni, Kiponda hakuna aliyesema jina la Mkokotoni. Nuru alikwenda kupaka hina kwenye harusi moja, akarudi mapema. Usiku mmoja nilimwuliza kama ananichukia. Akajigeuza akanielekea. Kisha akasema kwamba tangu siku ile anapumua, na kwamba anamtaka Machano vile vile, na kwamba mambo hayo mawili hayasaidiani. Nililia, na yeye akanipangusa kwa kanga yake, ilhali ni mimi niliyepaswa kumpangusa yeye.

Kisha, asubuhi moja, mtu alipiga hodi maabara. Alikuwa kijana mpana wa mabega, amevaa kanzu na kofia kama aliyekuja kwenye mazishi, na kucha zake bado zina weusi wa girisi. Akajitaja jina. Alitoa salamu kwa Daktari, shikamoo, marahaba, na hakukaa. Alisema ameambiwa hapa kuna watu wa ubongo. Daktari akamwambia sisi ni watu wa ubongo wa panya. Machano akasema hao wanatosha.

Alisema hakuja kuuliza kama atapona. Alisema hilo analijua Mungu. "Nataka kujua, akianguka," akasema, kisha akaanza tena. "Akianguka na mie niko naye, nifanye nini?"

Daktari akanitazama mimi. Sikuwa nimesomea hilo, lakini Nuru alikuwa amenifundisha, na nikaanza kusema: usimbane, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza. Machano alisikiliza kama fundi anayeelezwa mashine ngeni, na nikaona maneno hayamwingii. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Na mimi, mwanamke mbele ya mwanamme asiye ndugu, sikuwa na namna ya kumwonesha.

Hapo Daktari alivua miwani yake akaiweka mezani. Akaushika ukingo wa meza, akauteremsha mguu wake mbovu polepole, na mtu mzima yule, mkubwa wa mwili, daktari wa watu, akajilaza chali sakafuni katikati ya maabara, juu ya vumbi na harufu ya karafuu. Akafumba macho.

"Haya," akasema. "Mie nshaanguka."

Machano akapiga magoti. Mara ya kwanza alimvuta mkono, nikamwambia siyo, asukume bega na goti. Mara ya pili alimgeuza vizuri. Mara ya tatu sikusema kitu. Alimgeuza taratibu, akamlegeza kifungo cha shingo, akakisogeza kiti kilichokuwa karibu na kichwa chake, kisha akavua kofia yake, akaikunja, akaiweka baina ya shavu la Daktari na sakafu. Akabaki pale, mkono wake umetulia mgongoni mwa Daktari, anangoja, kama ndivyo hasa atakavyongoja.

Nikamwuliza mama yake anasemaje. Hakuinua uso.

"Mama kanambia mtoto wa watu hachukuliwi kwa macho," akasema. "Kasema kwanza nende nikajue kumshika, kisha nirudi nimwambie. Sasa nshajua. Mwambieni Bi Mize tutakuja Ijumaa, na safari hii tutakula."